Kamba ya poliesta ya milimita 14: jarari safi sana, demani hapana

Nianze na jibu kabisa kwa wale wavivu wa kusoma. Hii kamba nyeupe ya poliesta yenye uzi mwekundu pembeni, ile ya kusukwa yenye ganda nje na moyo ndani, inayokatwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya bahari, kama unataka jarari au henza, zile kamba za kupandishia tanga, chukua tu usijiulize. Kama unataka demani, ile ya kulibana na kuliachia tanga, pesa yako iweke kwanza. Nyota nne na nusu kwa kazi ya kwanza, nyota mbili kwa kazi ya pili, na kamba ni aina ile ile, siku moja imenunuliwa.

Najua kuna mtu atasema haiwezekani kitu kimoja kikapata maksi mbili. Inawezekana, manake kwenye chombo cha tanga hakuna kitu kinaitwa kamba hivi hivi. Kila moja ina jina lake kwa sababu kila moja ina kazi yake, na watu wanaouliza "kamba nzuri ni ipi jamani" wanajibiwa jina la kiwanda wakati swali lenyewe halijakamilika. Nzuri ya nini? Ya kubeba foromali, ule mti unaoshika tanga juu? Ya kushika tanga? Ya nanga? Hizo ni kamba tatu ambazo tabia zao zinapingana.

Chombo tulichoijaribia ni mashua ya ndugu yangu, inakwenda Mkokotoni na Tumbatu na mizigo ya kawaida, mlingoti mmoja, tanga la kitambaa, mashine ndogo nyuma kwa siku ambazo hakuna hewa. Tulichukua ya milimita 20 kwa henza na ya milimita 14 kwa jarari na kwa demani. Imekaa kusi nzima na sasa kaskazi imeshaanza, kwa hiyo siongelei kamba mpya inayong'aa dukani, naongelea kamba iliyokula chumvi na jua.

Henza na jarari kwanza maana hapo sina maneno mengi ya lawama. Kwa ambaye hajawahi kutweka: henza ni ile kamba nene iliyoshika foromali, inapanda mpaka kwenye kapi, yaani puli, kichwani mwa mlingoti, inashuka upande wa pili, na mwisho wake ndo ina gofia, kapi linaloning'inia. Kutoka gofia kuja chini kwenye abedari, yaani kapi la chini, inapita jarari, inakwenda inarudi inakwenda inarudi, na hiyo ndo mnayoivuta watu wawili watatu mpaka foromali inafika juu. Wengi wanadhani kazi imeishia hapo, kamba imeshapandisha tanga basi ipumzike. Wapi! Mlingoti wetu umelalia mbele na hauna waya za kuushika kama wa yoti, ukishakaza jarari nyuma kidogo upande wa joshi, yaani upepo unakoingilia, hiyo henza na jarari ndo zinakuwa mshipa wa kuuzuia mlingoti usiende na upepo. Yaani safari nzima ziko kazini.

Sasa ndo uone kwa nini nailoni hapa ni balaa. Nailoni inavutika. Ukiipa mzigo wa kawaida tu inaweza kuongezeka asilimia 10 au zaidi, na ikilowa inapoteza nguvu kidogo juu yake. Chukua mita kumi za henza na jarari kutoka foromali mpaka chini, asilimia kumi yake ni mita nzima. Foromali imeshuka mita, kamba ya joshi, ile ya pembe ya mbele, imelegea, tanga limefanya tumbo, na mlingoti unacheza kila wimbi likipita. Halafu unaona mtu anavuta tena, anavuta tena, anadhani kuna mahali inateleza, kumbe inanyooka tu kama mpira. Poliesta inavutika asilimia chache mno kwa mzigo kama huo. Tumetweka asubuhi, tumefika, tumetua, foromali haijaondoka pale ilipowekwa. Kwa hilo peke yake nyota tatu.

Nyingine zinatokana na jua. Hii nyuzi ya poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, na katika hizi kamba za kiwandani za bei ya watu wa kawaida ndo inayovumilia jua kuliko wenzake. Ile ya plastiki ya buluu au kijani ambayo kila chombo kuanzia Lamu mpaka Kilwa kinayo, siidharau, ni rahisi na inaelea, lakini jua letu linaila mpaka inatoa unga, ukipitisha mkono unatoka na vijiti vidogo vidogo kwenye kiganja. Hii ya poliesta mpaka leo ganda lake ni laini, imepauka ule uzi mwekundu tu.

Ile nusu nyota niliyokata ni kwa sababu ya kapi. Makapi yetu ni ya mbao, yamechongwa kwa kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, na kama mfereji wake una ukingo mkali basi ganda la hii kamba linaanza kunyofoka nyuzi moja moja pale pale linapopinda. Ukiwa na kapi la zamani lipige msasa kwanza mpaka kidole kipite bila kukwama, ndo upitishe kamba. Sisi tulipiga msasa na bado abedari moja imeanza kuitafuna kidogo. Si kosa la kamba sana, lakini muuzaji angeweza kusema.

Tuje kwenye demani, na hapa nitakaa.

Demani ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ile ya chini, ambayo nahodha au mtu wake anaishika kuliruhusu tanga au kulibana. Ni kamba moja lakini jina lake limetambaa chomboni kote: upande wa demani ni ule upepo unakotokea ukishapita chomboni, upande wa joshi ni ule upepo unakoingilia. Wengine wanasema goshi, ni ile ile. Na demani pia ni majira, zile hewa nyepesi za kusi likiwa linaisha, kama mwezi wa nane kwenda wa kumi na moja, ambapo bahari inatulia na watu wanakwenda dago, kambi za uvuvi. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa pwani "demani imelegea" mpe sekunde ajue unaongelea kamba au hewa.

Kazi ya demani haifanani na kazi ya henza hata kidogo. Henza unaikaza unaisahau. Demani inaishi mkononi. Upepo ukizidi unaiachia kidogo tanga limwage hewa, ukipungua unaivuta, ukikwenda joshi, yaani kuukabili upepo, umeibana kabisa, ukipata upepo wa nyuma umeitoa yote. Na haifungwi fundo, hili niliweke wazi kwa vijana wanaojifunza kwenye video, demani inazungushwa kwenye gogo mara moja au mbili na mwisho wake anao mtu. Ukija upepo mkali wa ghafla, sekunde mbili za kuhangaika na fundo ndo tofauti ya chombo kulala na chombo kusimama. Nilimuuliza mzee mmoja wa Tumbatu ambaye amekula bahari tangu majahazi yalipokuwa yanabeba boriti, nikamwambia ami, wewe kamba ya demani ungeichagua vipi. Hakutaja kiwanda wala saizi. Alisema, "Mwanangu, ishike umefumba macho na mkono umelowa, ikikukimbia iache dukani."

Basi hii inakimbia. Ganda lake limesukwa likabanwa likawa laini mno, ikiwa kavu unaweza kujidanganya lakini ikilowa na mkono ukalowa, milimita 14 ni nyembamba na inateleza. Mtu anaizungusha kwenye mkono ili aishike, na kuizungusha kwenye mkono ndo kitu ambacho usifanye kabisa na demani, ukija upepo wa ghafla mkono unakwenda na kamba. Tuliongeza mzunguko mmoja kwenye gogo ikashika, lakini sasa ukitaka kuiachia haitoki haraka, inatoka kwa mikatokato. Yaani mizunguko miwili inateleza, mitatu inang'ang'ania. Hakuna katikati.

Pili, kwenye pembe ya tanga. Demani inapigwapigwa pale kuliko kamba yoyote, tanga likiwa halijajaa linapepesuka na ile pembe inachapa huku na huku. Fundo la kitanzi kwenye kamba laini na ngumu namna hii linajilegeza lenyewe taratibu, hulioni mpaka uone mkia umefupika. Letu lilifika mahali mkia umebaki kama urefu wa kidole. Dawa yake ni kuacha mkia mrefu na kuushonea kwa uzi wa nyavu, au kufuma kitanzi kwenye kamba yenyewe, lakini kufuma kamba ya ganda na moyo si kazi ya fundi yeyote, mafundi wetu wengi wamezoea ya nyuzi tatu ambayo unafungua unapitisha unapitisha umemaliza. Na kumbuka fundo linakula nguvu ya kamba, theluthi moja inaweza kwenda hivi hivi, kitanzi cha kufuma kinakula kidogo sana. Kwa nguvu lakini siilaumu, kamba ya aina hii ya milimita 14 inakatika juu ya tani tatu, demani ya mashua haifiki huko hata siku moja. Watu wanaosifia kamba kwa tani wanasifia kitu ambacho demani haikihitaji.

Tatu, kupindua. Hapa ndo mtu anayetoka kwenye yoti anashangaa. Tanga letu na foromali yake havivuki nyuma ya mlingoti kirahisi kama tanga la yoti, ukitaka kubadilisha upande kwa usalama unapindua kwa demani, yaani unageuza tezi, nyuma ya chombo, kwenye upepo, demani inaachiwa yote, tanga linapelekwa mbele ya mlingoti, foromali inasimamishwa wima inazungushwa, na demani inakimbizwa kupita mbele mpaka upande wa pili, kisha inavutwa upya. Hiyo yote chombo kikiwa kinatembea na watu wanapiga kelele. Katika dakika hiyo demani inatakiwa ikimbie bila kujinyonga. Na hapa nitaitendea haki hii kamba: haijinyongi. Ile ya nyuzi tatu ikiwa mpya inajikunja vijiduara vya ajabu, vinakwama kwenye kila kitu, hii inatiririka tu. Na ikipita kwa kasi kwenye mbao haiyeyuki kama ile ya plastiki ambayo nyuzijoto 165 tu imeshakuwa uji, ukiangalia demani ya plastiki ya zamani utaona sehemu zinang'aa kama zimepakwa varnishi, hapo iliungua. Poliesta inahitaji zaidi ya 250. Nyota zake mbili za demani zimetoka hapa.

Ila ikiangukia majini inazama, na sisi tuna mashine nyuma. Msomaji atamalizia mwenyewe.

Kuna watu wataniambia wazee walikuwa na kamba za makumbi na walifika mpaka Uarabuni. Ni kweli, na mtepe, kile chombo cha zamani, ulikuwa umeshonwa kwa kamba hiyo hiyo mwili mzima bila msumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kamba ya makumbi inaelea, haiogopi chumvi, na mkononi inashika kama imepakwa gundi. Lakini ni dhaifu kwa unene wake, ukitaka nguvu inabidi iwe nene mpaka makapi ya leo hayaipitishi. Mkonge nao, ambao ulifika Tanganyika mwaka 1893 na mkoa wa Tanga ukawa jina lake dunia nzima, kwa demani bado kuna watu hawataki kingine, na nawaelewa, unashika vizuri mno. Shida unalowa unavimba unakuwa mgumu, ukikaa umelowa unaoza kutokea ndani, nje unaonekana mzima. Ukitumia mkonge fungua nyuzi uangalie katikati, ukikuta weusi na harufu ya uvundo badilisha siku hiyo hiyo.

Kwa kamba ya joshi, ya pembe ya mbele ya tanga, sikuijaribu kwa makusudi, pale kamba ni fupi na imefungwa tu, chochote kisichovutika kitafaa. Kwa amari, kamba ya nanga, usithubutu, na hapa wala si suala la ubora. Nanga inataka kamba inayovutika, wimbi linapoinua chombo kamba inyooke inywe ule mshtuko, isiipe nanga. Hapo nailoni ambayo nimeisema vibaya huko juu ndo mfalme, na poliesta itang'oa nanga au itang'oa kigogo uliyoifungia.

Sasa duka. Silitaji jina, na nadhani yote yako hivi hivi. Bei ni karibu mara mbili ya ile ya plastiki, hilo sawa, inakaa zaidi. Kilichonikera ni muuzaji. Nilimwambia nataka ya jarari na ya demani, akaniangalia kama nimeongea kigiriki, akasema "milimita ngapi kaka?" Hapo hapo kijana wa pembeni anasema chukua hii nyingine, zote nailoni. Si zote nailoni! Watu wameshazoea kuita kamba yoyote isiyo ya mkonge nailoni, na muuzaji naye ameshazoea, kwa hiyo unaweza kulipia poliesta ukaondoka na kitu kingine ambacho ni cheupe vile vile. Omba kipande kidogo, kikamue hewa, kitie kwenye ndoo ya maji. Kikielea ni plastiki hata kama kina rangi nzuri vipi. Kikizama ni poliesta au nailoni, na hapo shika ncha mbili uvute kwa nguvu zako zote, nailoni utaisikia inatoa, poliesta utasikia inakataa. Mwenye roli lenye lebo yake aangalie lebo, lakini maroli mengi lebo zimeshatoka.

Jingine, vipimo. Manahodha wanahesabu kwa pima, yaani mikono miwili imetandazwa, kama mita 1.83 hivi, duka linakata kwa mita. Ndugu yangu alitaka pima ishirini za jarari, hiyo ni mita 36 na nusu na zaidi kidogo, ukisema "ishirini" bila kutaja kipimo unaletewa mita ishirini na haitoshi hata kuteremsha gofia. Sema mita, na ongeza kidogo maana utakata ncha kila zikichakaa. Na wakate kwa kisu cha moto. Sisi tulikatiwa kwa kisu cha kawaida, ile ncha ikafumuka njiani, ganda likarudi nyuma moyo ukabaki nje, tukapoteza karibu mita moja kabla hata ya kufika pwani. Kama hawana kisu cha moto funga selotepu ngumu pande mbili, kata katikati, halafu yeyusha mwenyewe kwa kiberiti.

Matunzo yake madogo. Mchanga ndo adui, chembe zinaingia chini ya ganda na kila kamba ikipinda zinasaga kutoka ndani. Ioshe kwa maji baridi ya kisima mara moja moja na uianike kivulini, usiiburute ufukweni. Na jarari igeuze ncha, ile iliyokuwa kwenye abedari iende juu, kwa sababu inachakaa pale pale inapolala tanga likiwa juu, ukigeuza unapata kamba mpya bila kununua.

Sisi ile demani tumeitoa. Tumeikata ikawa jarari ya akiba, haijapotea, na kwenye demani tumerudisha mkonge kwa muda huku tunasubiri poliesta ya nyuzi tatu ile yenye manyoya manyoya, milimita 18, ambayo nimeishika kwenye chombo cha mtu kwa mkono uliolowa na haikunikimbia. Ikishakula kaskazi hii nitaiandikia maksi zake.